Mama wa Taa na Tanuru la Sekunde Kumi

Kwa miaka ishirini na miwili Tsuyako Hiranuma alikaa nyuma ya dirisha dogo la chumba cha taa, na wanaume wote wa bonde letu la makaa, kaskazini mwa Japani, walipita mbele yake mara mbili kwa siku: asubuhi wakiwa safi, jioni wakiwa weusi. Alimpa kila mmoja taa ya kofia, naye mtu akamwachia kibati cha shaba chenye namba yake. Taa ilishuka mgodini na mwenyewe. Kibati kilibaki juu, kimetundikwa ubaoni. Taa iliporudi, kibati kilitoka. Ubao ukiwa mtupu, maana yake kila mtu yuko kwake anakunywa supu. Kikibaki kibati hata kimoja, Tsuyako haendi nyumbani.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili uliokuwa ukiitoa. Mtu akimwambia "Salama!" kabla ya kushuka, kama ilivyokuwa desturi yetu ya kuagana, naye alijibu "Salama!" kwa namna ya kuamrisha, kana kwamba kurudi hai ni jambo la adabu tu. Wapo waliorudisha taa kwenye rafu wakaondoka bila kuchukua kibati, kwa haraka ya kwenda kuoga. Hao aliwafuata mpaka bafu la mgodi, akasimama nje ya mlango na kuita namba zao kwa sauti. Adhabu yao ilijulikana: kesho yake kuleta chakula cha zamu nzima.

"Ubaoni wewe bado uko shimoni," aliwaambia. "Mimi nakulilia nusu saa, wewe unajisugua mgongo!"

Kisha mgodi ukafungwa. Ulifungwa wakati wa theluji, na zile nyumba zetu za safu zikaanza kuzimika moja moja, leo kwa jirani wa kulia, kesho kwa wa kushoto, hadi mtu akitembea jioni anasikia viatu vyake mwenyewe tu. Mume wa Tsuyako, mchimbaji hodari, alifariki mwaka uliofuata kwa maradhi ya kifua. Binti yao alikuwa ameolewa Chiba, mbali kusini, na kila Jumapili alipiga simu. "Mama, chumba kipo. Unangoja nini huko?"

Tsuyako alikuwa akijibu kwamba anangoja kabichi zikomae. Zilipokomaa alingoja theluji iyeyuke.

Wataalamu kutoka mji mkubwa wa Sapporo ndio waliokuja kwanza. Walichungulia shimo letu la mita mia saba, lililonyooka kama lilipigwa kwa rula, wakafurahi kama watu waliochimbiwa kisima. Walikuwa wakitafuta mahali pa kuangushia vitu. Kitu kinachoanguka bila kuzuiwa hakina uzito. Ndani ya kasha linaloanguka, hewa ya moto haipandi juu, mafuta hayaelei juu ya maji, na mzigo wa kilo kumi hauelemei hata karatasi. Huko angani hali hiyo hudumu siku na miezi. Kwetu ilidumu sekunde kumi, kisha breki zikalikamata kasha chini kabisa, kwa nguvu ambayo ingemvunja mtu shingo. Kwa ajili ya sekunde hizo kumi maabara ilijengwa mdomoni mwa shimo, na baadhi yetu tukapata kazi tena.

Todoroki, mtu wa winchi, alirudi kwenye winchi yake. Miaka thelathini alishusha na kupandisha watu bila kumchubua hata mmoja, na sasa alipandisha makasha. Tsuyako alipewa ufagio.

Alifagia karakana ya Daktari Kageura, aliyekuwa akibuni matanuru madogo, kila moja likiwa na ukubwa wa chupa ya chai, ya kuyeyushia metali ndani ya kasha. Daktari alikuwa na miaka thelathini na minane, nywele zimesimama, sweta imevaliwa nje ndani. Alijua kwa hesabu kila kitu kinachotokea ndani ya moto wa digrii elfu moja na mia mbili, ila waya wake wa kupasha ulikatika kila mara. Siku ya nne alipokuwa akiuzungusha upya kwenye bomba la udongo mgumu, sauti ilitoka nyuma yake.

"Utakatika palepale."

Daktari aligeuka. "Samahani, mama?"

"Unauvuta ukiwa umeshika pumzi. Ukiachia pumzi, mkono unalegea, mzunguko mmoja unabana na mwingine unapwaya. Pale unapobana ndipo utakapokatika. Nimeunga waya za taa elfu mbili. Hebu shika ufagio."

Daktari Kageura, mwenye shahada tatu, alishika ufagio. Tsuyako alikaa, akaipandisha miwani, akauzungusha ule waya kwa kufuata pumzi yake mwenyewe, mzunguko mmoja kwa pumzi moja. Daktari alimweleza kwamba ncha mbili za bomba hupoa upesi kuliko katikati. Basi huko nchani akausogeza waya uwe karibu karibu, katikati akauachia nafasi. Ilimchukua asubuhi nzima. Tanuru lile liliwaka miezi minane bila kukatika, na hakuna aliyemwona Tsuyako tena na ufagio. Alipewa meza yake karibu na dirisha, taa ya kuinamisha, na kikombe chake mwenyewe cha chai. Kibao cha mlangoni kilimwandika fundi wa matanuru. Alikipangusa kila asubuhi, akitazama huku na huku kwanza kama kuna mtu.

Todoroki alimwita shemeji, kwa sababu ya urafiki wake na marehemu, na hakumwacha apumue. "Fundi wa matanuru," alisema akiingia kuomba chai. "Kwako jiko la mafuta linatoa moshi miaka mitatu."

"Jiko langu linakupikia. Tanuru langu lina heshima zake."

Na alikuwa nazo desturi zake. Ubao wa vibati ulikuwa bado ukutani katika chumba cha taa, maana watu waliokwenda chini kufungua kasha walihitaji taa. Kila tanuru lake liliposhuka, Tsuyako alilitundikia kibati, namba mia mbili kumi na saba, kilichokuwa hakina mwenyewe. Lilipopandishwa, alikitoa. Watu wa Sapporo walicheka mwanzoni. Baadaye tuliwasikia nao wakisema "Salama!" kasha likiachiwa.

Mwaka ninaousimulia, Daktari Kageura alikuwa na kazi ya shaba na risasi. Vyuma vya ndani ya injini hupenda mchanganyiko wa hivyo viwili: shaba kwa ugumu, risasi kwa ulaini. Lakini ukiviyeyusha pamoja, risasi huzama kwa uzito wake na shaba hubaki juu, kama maji na mafuta. Pasipo uzito hakuna cha kuzama. Basi wangeviyeyusha na kuvikoroga juu, kabla ya kuachia, kisha wakati wa kuanguka wavigandishe upesi, kabla breki hazijashika. Kipande kidogo, kama punje ya harage, ndani ya kikombe cha grafiti, ambayo ni binamu wa makaa yetu. Kasha likiachiwa, bamba baridi la shaba lilifyatuka na kubana kitako cha kikombe, likanyonya joto. Juu ya meza metali iliganda kwa sekunde saba. Zilibaki tatu za ziada.

Mradi ulipewa nafasi tatu tu za kudondosha. Zikishindikana zote, kazi ya matanuru ingehamishiwa kwingine na karakana kufungwa kabla ya mwaka mpya. Daktari angepata pa kwenda. Tsuyako angekwenda Chiba, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama dirisha la mwenzake.

Nafasi ya kwanza ilipotea mwezi wa kumi. Kasha lilipopandishwa walikuta metali imerukia kwenye kifuniko, imetapakaa kama uji uliomwagwa na mtoto. Haikuwa imeganda. Daktari alikaa nayo siku mbili kabla hajaelewa.

"Haipendi kikombe," alimwambia Tsuyako. "Hapa juu uzito wake unailaza chini, inagusa kitako, inapoa. Uzito ukiondoka inajikunja kuwa tone, inaachia kitako, inaelea. Haigusi popote. Joto litoke kwa njia gani? Breki zinakuja, bado ni maji, inaruka."

"Basi ikandamizwe."

"Ndiyo. Ikandamizwe. Lakini kwa kitu gani?"

Ilikuwa msimu wa achari. Kila nyumba ya bonde letu ilikuwa na pipa la kabichi, figili na samaki mkavu, na juu ya kila pipa kifuniko cha mbao, na juu ya kifuniko jiwe la mtoni. Jiwe la Tsuyako lilitoka kwa mama mkwe wake. Sisi wote tulikua tukitazama mawe hayo yakizama taratibu ndani ya mapipa, siku hadi siku, maji yakipanda pembeni. Kwa hiyo Tsuyako alipochonga kizibo cha tungsteni, metali nzito kuliko risasi, na kukiweka juu ya metali ndani ya kikombe, hakuna aliyeona ajabu. Kilikaa vizuri mno. Juu ya meza metali iliganda kwa sekunde tano badala ya saba. Daktari Kageura alitazama karatasi za vipimo, akapiga mluzi kwa furaha, akatia sahihi.

"Usipige mluzi karibu na shimo!" Todoroki alimfokea kutoka mlangoni. "Mlima unasikia."

Wakadondosha. Tsuyako akatundika kibati. Kasha likarudi, kibati kikatoka, kikombe kikafunguliwa, na metali ilikuwa imetapakaa kama mara ya kwanza, na kizibo kimekwama juu kifunikoni.

Daktari alikigeuza kile kizibo mkononi, akakipima kwa kiganja, akakigeuza tena. Kisha uso wake ukaanza kupata rangi, kuanzia shingoni.

"Mama Hiranuma," alisema. "Tumeweka uzito. Mahali pasipo na uzito."

Tsuyako alimtazama. Akatazama kizibo. Akatazama dirishani, upande wa shimo.

"Nimeweka jiwe la achari," alisema polepole.

"Na mimi nimetia sahihi. Nimefundisha somo hili chuo kikuu miaka tisa."

Todoroki ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika mlango. Kicheko kilikwenda kwa mafundi wa breki, kikapanda ngazi hadi ofisini, na kufikia saa ya chakula bonde zima lilijua kwamba tanuru limetiwa achari. "Shemeji, usisahau chumvi!" Todoroki aliita kila alipopita dirishani. Duka la samaki lilimuuliza Tsuyako kama daktari angependa kabichi ya kukata au nzima. Alicheka nao, maana alikuwa mtu wa kucheka. Lakini jioni ile nilipita kwake nikaona taa imewaka uani, naye amesimama mbele ya pipa lake, mikono kwenye aproni, anatazama jiwe. Theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka juu yake na juu ya jiwe bila kubagua.

Ilibaki nafasi moja.

Jumapili binti alipiga simu. Tsuyako alimweleza yote, hata vicheko. Binti alicheka pia, kisha akasema, "Mama, kwani kile kikandamizio nilichokuletea hukitumii? Kile cha plastiki?"

"Kile si cha achari. Kile ni kichezeo cha watoto."

"Lakini hakina jiwe, mama. Kina springi tu. Hata ukikipindua kinakandamiza, mimi hukiweka kimelala kwenye friji."

Binti aliendelea kusema juu ya chumba na dirisha. Alipomaliza, upande wa pili hapakuwa na mtu. Simu ilikuwa imewekwa mezani, na Tsuyako alikuwa juu ya kigoda, kichwa ndani ya kabati, anatupa masufuria sakafuni.

Alifika karakana Jumatatu akiwa wa kwanza, na kikandamizio cha plastiki kwenye mfuko wa nguo. Kilikuwa kisanduku kidogo chenye kifuniko, skrubu, na springi. Alikuwa ametia ndani figili. Daktari alipoingia, Tsuyako alikipindua mbele ya macho yake, miguu juu. Kile kifuniko cha ndani kiliendelea kuikandamiza figili kuelekea dari.

Daktari Kageura alitoa penseli sikioni.

Haikuwa rahisi kama figili. Springi ikiwekwa ndani ya moto wa digrii elfu moja na mia mbili inalegea kama tambi. Kwa hiyo ilibidi ikae nje, penye baridi, na kusukuma fimbo ndefu ya udongo mgumu, nyembamba kama kijiti cha kulia chakula, ambayo ndiyo ingeingia motoni na kizibo chepesi nchani. Fimbo hizo zilivunjika kwa kutazamwa. Springi ikiwa kali, metali iliyoyeyuka ilikamuka na kupanda pembeni mwa kizibo, kama maji ya achari. Ikiwa dhaifu, tone lingeisukuma na kuachia kitako. Daktari alifanya hesabu akapata nguvu inayotakiwa: kidogo mno, kama uzito wa yai la kware likikaa kiganjani.

"Springi ya namna hiyo tutaagiza wapi?" aliuliza. "Na ifike lini?"

Tsuyako alikwenda chumba cha taa akarudi na droo nzima mikononi. Ndani yake mlikuwa na springi za taa za kofia, zile zinazoisukuma balbu iguse shaba, mamia kwa mamia, alizozing'oa kwenye taa mbovu miaka ishirini na miwili kwa sababu hakuweza kutupa kitu kizima. Alizipanga mezani. Alizipima moja moja kwa mizani ya jikoni, akizibonyeza mara mia kila moja, akitupa zilizochoka.

"Hii ilikaa kwenye taa chini ya maji siku tatu, mwaka wa mafuriko," alisema akiinua mojawapo, "na taa ilikuwa inawaka. Hii haichoki."

Daktari aliichukua kwa vidole viwili, kwa adabu, kama anapokea kadi ya mtu mkubwa.

Palikuwa na tatizo moja la mwisho, nalo lilikuwa la mikono. Baada ya kasha kusimama, springi ingeendelea kusukuma, na kasha likipandishwa huku likitikisika, fimbo ingevunjika na kuipasua ile punje iliyogandia nchani. Ilitakiwa mtu ashuke kwanza, apenyeze kipini chembamba kwenye tundu na kuifunga springi kabla kasha halijaguswa. Mafundi wa chini walijaribu mezani. Walivunja fimbo nne. Zilibaki mbili.

"Nitashuka mimi," alisema Tsuyako.

Todoroki aliweka kikombe chini. Katika miaka yote ya mgodi wetu hakuna mwanamke aliyeshuka lile shimo. Mlima una mungu wake, na mungu huyo ni mwanamke, na wazee walisema ana wivu: akiona mwanamke mwingine humo ndani, hukasirika. Palikuwa na hekalu lake dogo pale mdomoni mwa shimo, na Todoroki aliliinamia kila asubuhi kabla ya kugusa winchi, hata sasa ambapo alipandisha vyuma tu.

"Shemeji, mimi sina neno. Lakini yeye..."

"Mwambie nafuata kitu changu. Sifuati mume. Mume wangu nilimpa miaka yote ile, na alimrudisha amechoka sana."

Todoroki alifikiri. "Nitamwambia," alisema. "Lakini nitampelekea pombe ya mchele kwanza."

Siku ya nafasi ya tatu, ya mwisho, ilikuwa na jua juu ya theluji, jua lile la mwezi wa kumi na moja linaloumiza macho. Asubuhi kabla ya kutoka nyumbani Tsuyako aliloweka mchele wa kunata na maharage mekundu. Hakupika. Wali mwekundu hupikwa kwa jambo lililotimia, na yeye hakutaka kuonekana anajua mambo. Aliloweka tu, akafunika, akaondoka haraka kama mtu aliyeiba.

Tanuru likawashwa ndani ya kasha. Digrii mia tisa. Elfu moja. Elfu moja na mia mbili. Tsuyako akatundika mia mbili kumi na saba.

"Salama!" akaita Todoroki.

"Salama!" tukajibu sote, na kasha likaachiwa.

Sekunde kumi ni kitu kirefu ukisimama juu ya shimo. Husikii chochote. Unahesabu, na unapofika sita unafikiri umekosea, unaanza tena. Kisha chini kabisa, kama mtu aliyekohoa usingizini, breki zikashika.

Tsuyako akaenda chumba cha taa. Nyuma ya lile dirisha dogo, mahali pake pa miaka ishirini na miwili, alikuwa amekaa Daktari Kageura, amekunja mikono juu ya kizingiti. Alikuwa amejitwisha kazi hiyo bila kuombwa.

"Kibati, tafadhali," alisema.

Tsuyako hakuwa na kibati. Hakuwahi kuwa nacho. Aliifungua droo ya vibati iliyo chini ya ubao, akatia mkono bila kutazama, akatoa kimoja. Mia sita kumi na nane. Todoroki aliiona namba hiyo akageuza uso upande wa winchi. Ilikuwa namba ya marehemu Hiranuma. Daktari, asiyejua, alikitundika kibati, akampa taa.

"Salama, mama."

"Salama. Na ukae wima, hicho si kiti cha kulalia."

Todoroki alimshusha polepole kuliko alivyowahi kumshusha mtu yeyote, hadi simu ya chini ikalia na sauti ikatoka: "Mbona hivyo? Nilidhani umelala! Nimesoma kila jiwe ukutani." Fundi aliyekuwa naye alitueleza baadaye kwamba alipotoka kwenye lifti alisimama kidogo, akazima taa yake, akabaki gizani kama kwa hesabu ya pumzi tatu, kisha akaiwasha. Halafu akapiga magoti mbele ya kasha, akavua glovu, akatoa pumzi yote, na kipini kikaingia tunduni mara moja, bila sauti.

Juu, punje ilikuwa nzima. Haikuwa imeruka. Ilikuwa na umbo la kikombe, na kitako chake kilikuwa bapa, kimelala palepale kilipotakiwa. Daktari aliikata katikati kwa msumeno mwembamba, polepole, maji yakidondokea, akaisugua mpaka ikang'aa, akaiweka chini ya darubini. Alitazama. Alisogea, akamwachia Tsuyako nafasi.

Tsuyako aliweka jicho. Aliona uwanja mwekundu wa shaba, na ndani yake vitone vya risasi vya kijivu, vidogo, vingi, vimetawanyika sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna kilichozama. Hakuna kilichopanda.

"Ni wali mwekundu," alisema. "Na ufuta wake juu."

Alianza kucheka, na machozi yakaingia kwenye darubini, na Daktari ikambidi aipanguse kabla ya kupiga picha. Alipopiga simu Sapporo tulisikia upande mmoja tu. "Ndiyo. Yote. Sawasawa. Hapana, hapa hapa. Fundi yuko hapa." Akasikiliza. "Mwaka ujao kumi na mbili? Nitamuuliza." Aligeuka. "Mama Hiranuma, matanuru kumi na mawili?"

"Kwanza nikapike," alisema Tsuyako, akavaa koti, akatoka mbio juu ya theluji, mwanamke wa miaka hamsini na minne.

Alikuwa amepita duka la samaki wakati kipaza sauti cha zamani cha mgodi, kilichokuwa hakijatoa sauti tangu siku ya kufungwa, kilipokohoa juu ya nguzo. Bonde zima likasimama. Watu walifungua madirisha.

"Mia sita kumi na nane!" ilinguruma sauti ya Todoroki. "Mia sita kumi na nane! Ubaoni wewe bado uko shimoni!"

Tsuyako alisimama katikati ya barabara. Alikuwa ameiweka taa yake kwenye rafu akaondoka bila kibati. Kwa muda, akiwa amesikia namba ile ikiitwa juu ya mapaa kama zamani, hakusogea, na mwenye duka alitoka akidhani anaumwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Nakulilia nusu saa hapa!" kipaza sauti kiliendelea, kwa sauti nyembamba ya kuigiza. "Wewe unajisugua mgongo! Adhabu unaijua!"

Alikuja saa tisa alasiri, sufuria mbili zimefungwa kwa vitambaa, na bakuli la achari juu yake. Zamu nzima ilikuwa imejipanga chumba cha taa, na Daktari Kageura bado alikuwa nyuma ya dirisha, amekaa wima. Mezani kwa Tsuyako, karakanani, walikuwa tayari wamekiweka kile kizibo cha tungsteni juu ya michoro ya matanuru kumi na mawili, ili isipeperuke. Chini yake mtu alikuwa ameandika: *Jiwe la Achari. Kazi yake ni hapa tu.*

Ubaoni vilining'inia vibati viwili, maana hata mia mbili kumi na saba kilikuwa kimesahauliwa. Tsuyako alivitoa, kwanza cha tanuru, kisha cha mumewe. Hicho cha pili alikipangusa kwa aproni, na badala ya kukirudisha kwenye droo alikipachika kwenye msumari wa kwanza pembeni ya dirisha, panapowekwa vibati vya wafanyakazi wa sasa wakiwa juu.

"Salama," alisema.

"Salama!" tukajibu, midomo tayari imejaa.

"Shemeji," alisema Todoroki akinyoosha bakuli mara ya pili, "achari yako mwaka huu ni laini sana. Umetumia jiwe kweli?"

"Kula kimya," alisema Tsuyako. "Imekandamizwa na springi."